Mpini wa Bomba la Hisani

TANGAZO LA SERIKALI NAMBA 212

Wananchi wa Wilaya ya Ukingoni wanajulishwa kwamba mpini wa Bomba la Hisani umepakwa rangi ya kijani, na kwamba rangi hiyo, kwa sababu ya unyevunyevu, itachukua juma zima kukauka. Anayeteka maji aushike mpini kwa kitambaa safi na kwa moyo wa shukrani, wala asifute viganja vyake kwenye ukuta wa ofisi yoyote. Inasisitizwa kwamba rangi hiyo ni ya kijani. Uvumi kwamba ni samawati unaenezwa na watu wasioitakia nchi mema, na atakayeurudia atatozwa faini. Nakala za tangazo hili zimebandikwa sokoni, msikitini, kanisani na makaburini.

Katika juma hilohilo watu ishirini na saba wa Ukingoni walikufa. Jambo hilo halikutangazwa, kwa kuwa Idara ya Matangazo hupewa karatasi ya tangazo moja tu kwa mwezi, na rangi ilikuwa imetangulia kuomba.

*

Msomaji asiye mwenyeji anastahili kuelezwa machache. Nchi hii ina jina zuri, lakini sheria inaagiza litajwe mtu akiwa amesimama, na habari hizi zimeandikwa kwa kukaa. Kwa hiyo tutaiita nchi, na itaitika.

Kanuni zake za afya zililetwa na meli ya ng'ambo katika zama za Malkia mmoja aliyetawala muda mrefu, akavaa nguo nyeusi, akafa. Wenyewe walioziandika walikwisha kuzifuta, wakaandika nyingine, wakazifuta na hizo. Nchi yetu, ambayo haina tabia ya kugeukageuka, ilizihifadhi zote, pamoja na taa za gesi, kofia ndefu nyeusi na makoti ya sufu ambayo maafisa wa afya wanapaswa kuyavaa hata katika miezi ile ambayo mbuzi hugombea kivuli cha nguzo ya taa. Ibara ya kwanza ya Kanuni hizo inasema kwamba maradhi yote ya kuambukiza huzaliwa na harufu mbaya na kumwingia mtu kwa njia ya pua. Ibara ya pili inasema kwamba ibara ya kwanza haijadiliwi.

Desturi tatu za nchi zinahusu habari hizi. Ya kwanza ni kwamba kilichofunguliwa na Mtukufu Kiongozi hakiwezi kufungwa na mtu mwingine. Ndiyo maana mlango wa mbele wa Wizara ya Nyaraka, alioufungua mwenyewe katika mwaka wa kwanza wa utawala wake, uko wazi hadi leo, na nyaraka za mwaka huo zimeota uyoga. Bomba la Hisani, lenye mpini wa kusukuma kwa mkono, alilifungua miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku hiyohiyo Mama Mtukufu alifungua Choo cha Heshima cha maafisa wa Wilaya, chenye shimo pana, hatua kumi na mbili kutoka kwenye bomba, upande wa juu wa mteremko. Viwili hivyo vilifunguliwa kwa mkasi mmoja, na wakazi wamefundishwa kuuonea fahari ukaribu wake.

Desturi ya pili ni Kikombe cha Shukrani. Kila asubuhi, saa moja kamili, msimamizi wa bomba na watu wa nyumba yake hunywa mbele ya hadhara kikombe kimoja kimoja cha maji ya bomba, kwa niaba ya taifa. Mkaguzi wa Koromeo huwepo kuhakikisha kwamba maji yameteremka.

Ya tatu ni Dakika Tatu za Kumwona Mtukufu. Adhuhuri, kengele ya Wilaya inapolia, kila mtu popote alipo husimama wima na kufumba macho, ili amwone Kiongozi kwa macho ya moyo. Kengele ikilia mara ya pili, watu hufumbua na kuendelea na shughuli zao. Anayefumbua kabla ya wakati hushitakiwa kwa kosa la kukataa kumwona.

*

Maradhi yalianza kwa mke wa fundi viatu. Alfajiri alitapika, asubuhi akaharisha maji meupe kama ya mchele, na kabla ya alasiri alikuwa amekauka, vidole vyake vimejikunja kama vya mtu aliyeshinda akifua. Wazee walilitaja jina la ugonjwa huo kwa sauti ya chini, kisha wakaangalia huku na huku. Walikuwa na sababu. Kipindupindu kilifutwa nchini kwa sheria miaka tisa iliyopita, bungeni, kwa makofi ya dakika saba, na kufa kwa ugonjwa uliofutwa ni kuidharau sheria.

Mganga Mkuu wa Wilaya, Dakta Ngwali, alikuwa mtu mwangalifu. Aliandika kwamba marehemu alikufa kwa Uchovu wa Ghafla. Kufikia mwisho wa mwezi Uchovu wa Ghafla ulikuwa umeingia katika nyumba arobaini, na daktari alikuwa amezuru zote. Alipofika alivua kofia, akanusa pembe nne za chumba, akaandika katika daftari lake mojawapo ya madaraja matatu yanayotambuliwa na Kanuni: harufu, harufu kali, na harufu ya uchochezi. Mwanamke aliyekuwa akikaanga papa alitozwa faini katika daraja la tatu. Mapipa ya lami yaliwashwa katika kila njia panda ili moshi wake uifukuze hewa mbaya, na ili moshi halali usichanganyike na moshi holela, wakazi waliruhusiwa kuwasha meko mara moja tu kwa siku, kwa robo saa. Katika robo saa hiyo mtu alichagua: apike ugali au achemshe maji. Ukingoni walichagua ugali.

Kamati ya Uchunguzi iliundwa, nayo ikagundua mambo mawili ya kushangaza. Kwanza, maafisa hawakuugua hata mmoja. Kamati iliona kwamba kofia ndefu huivuta hewa mbaya juu, mbali na pua. Kwamba maafisa hao hunywa maji ya chupa yanayoletwa kwa meli hakukuonekana kuwa na uzito. Pili, hawakuugua wala wanaume wa baraza la Sharifu Bakathir, muuza kahawa, ambao hukaa hapo tangu alfajiri bila kutia mdomoni kitu kingine isipokuwa kahawa iliyochemshwa mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa maji. Sharifu ana kibali cha jiko la kutwa nzima, kwa kuwa wapelelezi wa serikali nao ni wateja wake. Kamati iliketi siku nne juu ya jambo hili, ikahitimisha kwamba ubishi wa siasa huimarisha mapafu. Wanawake wa Ukingoni wakaamriwa kukaa kwenye mabaraza saa mbili kila siku wakibishana juu ya mambo ya nje. Walikaa, wakapewa maji ya bomba ya kulainisha koo, na watatu kati yao walizidiwa na Uchovu wakiwa katikati ya hoja.

*

Bi Kibibi Mwinyikai alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa Ukingoni kwa miaka thelathini. Hakusoma shule, wala hakuwa na kofia. Alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ina adabu zake, ambazo mojawapo ni hii: mwosha haoshi kwa maji asiyoyajua. Katika kila nyumba ya msiba, kabla hajakunja mikono ya buibui, aliuliza swali lilelile alilofundishwa na mama yake: "Maji haya yametoka wapi?" Wenye nyumba wakamjibu, naye akaridhika kuwa ni twahara, akaanza.

Katika nchi yote alikuwa mtu pekee aliyelazimika, kwa mujibu wa kazi yake, kuuliza swali hilo.

Bi Kibibi alikuwa na mtoto mmoja, Riziki, mwenye mimba ya miezi minane, na Riziki alikuwa ameolewa na Faki Msellem, msimamizi wa Bomba la Hisani. Nyumba yao ya serikali iliegemea ukuta wa bomba lenyewe. Faki aliugua mwanzoni mwa mwezi, akapona, akarudi kazini akiwa amebaki nusu, na kupona kwake kulitumiwa na Wilaya kama ushahidi kwamba maji hayo ni dawa. Riziki alikuwa amesamehewa Kikombe cha Shukrani kwa cheti cha kichefuchefu, akawa anaishi kwa madafu na kahawa ya Sharifu. Lakini cheti hicho hutolewa mpaka mwisho wa mwezi wa nane wa mimba tu. Kuanzia mwezi wa tisa, kichefuchefu hakitambuliwi na serikali. Cheti cha Riziki kilikuwa kinaisha Alhamisi. Ijumaa, saa moja asubuhi, angetakiwa kunywa.

Jumatatu Bi Kibibi alijifunga buibui lake, akaenda ofisini kwa daktari.

"Shikamoo, Bi Kibibi," alisema Dakta Ngwali, jasho likimtiririka chini ya kofia.

"Marahaba, mwanangu. Vua hilo lidude, utaiva."

"Hili ni la kisheria."

"Haya, iva kisheria. Mimi nimekuja kwa jambo. Tangu mwezi uandame nimeosha wanawake thelathini na mmoja."

"Poleni sana. Harufu ilikuwaje?"

"Sikuja kwa harufu, nimekuja kwa maji. Thelathini na moja nimeuliza, thelathini na moja nimejibiwa: Bomba la Hisani. Wanaoteka kisima cha msikiti, sijaitwa. Wale wa kule juu wanaoteka chemchemi, sijaitwa. Nyumba mbili zimepakana, ukuta mmoja. Huku bomba, nimeosha watatu, kule kisima, wanapiga soga."

Daktari aliweka kalamu chini. "Bibi, umesomea wapi takwimu?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kuhesabu."

"Nahesabu sanda, mwanangu. Hazidanganyi, kila moja ina mtu ndani."

"Wanaume wa barazani nao wanatumia bomba hilohilo."

"Wanakunywa yaliyochemka."

"Kuchemka hakumo katika Kanuni," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa na upole wa mtu anayemwonyesha mgeni mlango. "Nikuulize mimi. Maji ya bomba yana harufu?"

"Hayana."

"Basi yamekwisha kujitetea."

"Mama yako nilimwosha mimi, Ngwali. Nilikuuliza maji yametoka wapi. Ulikuwa bado hujawa na kofia. Ukaniambia, ni ya mvua, Bi Kibibi, nimeyakinga mwenyewe. Siku ile ulijua kujibu."

Daktari alichukua kalamu, akaandika kitu kwa muda mrefu, na Bi Kibibi, asiyejua kusoma, alitoka na tumaini. Alichoandika ni kwamba mlalamikaji alikuwa na harufu ya karafuu maiti, daraja la pili, na kwamba ameonywa kwa mdomo. Ombi la kuongeza muda wa cheti cha binti yake lilipelekwa Wizarani, ambako majibu huchukua miezi kumi.

Jioni ya siku hiyo fundi bati aliitwa nyumbani kwa daktari kutengeneza mfereji wa kukingia maji ya mvua. Katika daftari la Wilaya kazi hiyo iliandikwa kuwa ni ukarabati wa kawaida.

*

"Njoo ukae kwangu," Bi Kibibi alimwambia bintiye siku iliyofuata.

"Mama, kuhama nyumba ya bomba bila kibali ni kutoroka kazini," alisema Faki kwa niaba ya mkewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akinyoosha sare yake kwa viganja. "Watasema msimamizi mwenyewe hayaamini maji. Nani atayaamini tena?"

"Yasiaminiwe, Faki. Maji si mtume."

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

Riziki alicheka, kisha akashika tumbo. "Msigombane. Ijumaa nitatia maji mdomoni, nitayaweka shavuni, nitakuja kuyatema ndani."

"Na Mkaguzi wa Koromeo?" aliuliza Bi Kibibi.

"Ah, yule. Juzi alimshika mtoto wa jirani shingo akamwambia ameze mara ya pili, ya kwanza hakuiona." Alifikiri. "Basi nizae kabla ya Ijumaa."

"Mtoto hafuati kalenda ya serikali."

"Afadhali. Awepo mmoja katika ukoo."

Faki alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikunywa na hakufa. Bi Kibibi alimwambia kwamba yeye hakuwa na mtu tumboni. Kisha akamgeukia bintiye, na hakuwa akitania tena.

"Sikiliza, Riziki. Nimewaosha uliocheza nao ukuti. Nimemwosha Mwanakheri, nimemwosha Subira na mdogo wake. Mikono hii ilikuosha siku uliyozaliwa. Haitakuosha mara ya pili, Mungu akipenda, na mimi nikipata spana."

Faki aliendelea kunyoosha sare. Baadaye, alipohojiwa, alieleza kwamba neno la mwisho hakulisikia vizuri.

*

Alhamisi adhuhuri kengele ililia. Katika uwanja wa bomba walikuwepo watu wasiopungua mia nne, kwa kuwa ilikuwa saa ya kuteka maji. Wote walisimama wima, ndoo chini, macho wamefumba. Askari walifumba. Mkaguzi wa Koromeo alifumba. Faki, kando ya bomba, umbali wa mkono mmoja, alifumba kwa nguvu kiasi cha kukunja uso.

Bi Kibibi alikuwa na spana ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi baiskeli. Kwa siku mbili alikuwa amejizoeza kwenye nati ya kitanda chake cha kuoshea, akijihesabia kwa tasbihi, na alikwisha kujua kwamba dakika tatu ni nyingi kwa mtu asiyezitumia kumwona mtu. Mpini ulishikwa na nati moja. Nati ililia. Faki aliisikia, akaongeza kufumba. Mpini ulipotoka Bi Kibibi aliuviringisha katika sanda mpya, akaweka juu yake kata na kipande cha sabuni, akabeba kichwani.

Kengele ya pili ilipolia alikuwa amekwisha kufika kwenye lango la uwanja akiwaambia watu wampishe, ana kazi. Walimpisha. Katika mwezi ule hapakuwa na mtu Ukingoni aliyemzuia Bi Kibibi njia, wala aliyetaka kujua amebeba nini.

*

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Makungu, aliupokea msiba huo kwa ushujaa. Alihutubia wananchi akiwa amesimama juu ya kitako cha bomba, sauti ikikatikakatika.

"Ndugu wananchi! Leo taifa limekatwa mkono! Tumepoteza mengi katika historia yetu, lakini hatujapata kupoteza mpini! Walioiba wanajua kwamba Ijumaa hakutakuwa na Kikombe cha Shukrani. Nawauliza: taifa lisiloshukuru litaamkaje?"

Taifa liliamka Ijumaa saa moja na robo, kwa kuchelewa kidogo, likaenda kuteka maji kwenye kisima cha msikiti na chemchemi ya juu, likinung'unika kwa sababu ya umbali. Riziki alilala mpaka saa mbili.

Upelelezi ulianza mara moja. Mashahidi mia nne walihojiwa mmoja mmoja juu ya nani waliyemwona katika dakika zile tatu, na maelezo yao yalilingana kwa namna ambayo polisi hawajapata kuiona: mwanamume mrefu, mwenye nishani kifuani, akitabasamu, amenyoosha mkono wa kulia. Mpelelezi aliliangalia jalada lile, akatazama picha iliyotundikwa ukutani juu ya meza yake, akalifunga jalada kwa haraka isiyo ya kawaida na kulikalia.

Ndipo karani mmoja alipokumbuka Tangazo Namba 212. Rangi ilikuwa haijakauka. Mwizi angekuwa na viganja vya kijani, na kwa kuwa wanaume walikwisha kukaguliwa msikitini wakati wa kutawadha, wanawake wote wa Ukingoni waliitwa uwanjani Jumamosi alasiri, wanyooshe mikono. Habari ilitangulia amri kwa saa tatu. Katika saa hizo tatu vinu vya mtaa mzima vililia bila kupumzika.

"Kwa nini viganja vyako ni kijani?" askari alimwuliza wa kwanza.

"Kisamvu, afande."

"Na wewe?"

"Kisamvu."

"Wote mmepika kisamvu? Siku moja?"

"Si mmetukataza papa, afande," alisema wa tatu. "Au na kisamvu kinanuka siku hizi?"

Askari alifika kwa Bi Kibibi. Aliitazama mikono ile, akakumbuka bila shaka ni nani ameshikwa nayo, hakuigusa.

"Na wewe, bibi?"

"Mimi, baba, hushika walioshika kila kitu."

Viganja mia sita na kumi na viwili vya kijani viliandikwa. Mwanamke mmoja, aliyesema kwamba vyake kwa kweli ni samawati, alitozwa faini.

*

Juma la kwanza baada ya wizi walikufa watu tisa. Juma la pili alikufa mmoja. Juma la tatu Bi Kibibi alikaa mlangoni kwake akichambua mchele, na hakuna aliyemwita.

Dakta Ngwali aliandika ripoti ya kurasa themanini juu ya ushindi wa lami, akatunukiwa Nishani ya Pua, daraja la kwanza. Alipokuwa akivishwa, Mheshimiwa Makungu alisema kwamba daktari huyu ameushinda Uchovu wa Ghafla bila kuchoka hata kidogo, na watu walipiga makofi. Ukurasa wa sabini na tisa wa ripoti ile una sentensi moja ambayo haikusomwa hadharani, kwa kuwa sherehe ilikuwa imechelewa. Sentensi hiyo inasema: "Imeonekana pia kwamba katika kipindi hiki bomba lilikuwa halifanyi kazi." Haina maelezo mbele wala nyuma yake. Imekaa pale kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake akaona aibu kuuliza.

Riziki alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumatano. Bi Kibibi alijaza beseni, akakunja mikono ya buibui kama alivyozoea, akamchukua mjukuu wake. Faki alikuwa amesimama mlangoni katika sare yake. Alikohoa.

"Mama," alisema, "samahani. Maji haya yametoka wapi?"

Bi Kibibi aligeuka akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza bila hasira tangu mahari.

"Chemchemi ya juu," alisema. "Na yamechemka kwa Sharifu. Haya, njoo umshike kichwa."

Faki alimshika kichwa, kisha akasema alichokuwa amekuja kukisema. Ofisini kulikuwa na barua. Bomba lingezinduliwa upya mwisho wa mwezi kuadhimisha kushindwa kwa maradhi, na kwa kuwa binti huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa Ukingoni baada ya ushindi, Wilaya ilikuwa imempa heshima ya kunywa Kikombe cha kwanza. Mkaguzi wa Koromeo alikwisha kuagiza kijiko kidogo.

Riziki, kitandani, alikaa wima. Bi Kibibi aliendelea kumwosha mtoto, masikio, shingo, vidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Huo mpini mpya," aliuliza, "una nati ngapi?"

"Sijui, mama. Mimi siku hizi hufumba macho hata kabla ya kengele."

Asubuhi iliyofuata mbandika matangazo alipita na ndoo yake ya gundi. Faki ndiye aliyewasomea.

TANGAZO LA SERIKALI NAMBA 213

Wananchi wa Wilaya ya Ukingoni wanajulishwa kwamba Serikali, baada ya kutafakari kwa kina, imelipatia Bomba la Hisani mipini miwili, ili ukiibwa mmoja huduma isikatike. Mipini yote miwili imepakwa rangi nyekundu, ambayo haijakauka, na upishi wa kisamvu umesimamishwa mpaka itakapokauka. Ili kukomesha wizi, kuanzia leo, katika Dakika Tatu za Kumwona Mtukufu, kila mwananchi atasimama akiwa ameinua mikono yote miwili juu, pasibaki mkono wa kufungulia nati. Mlinzi wa kudumu mwenye bunduki ameteuliwa kusimama kando ya bomba na kuhakikisha kwamba mikono yote imeinuliwa.

Katika dakika hizo mlinzi naye atafumba macho.